Cha Kumwachia Mpwa

Binamu yangu anayeishi Texas anatafuta bastola ya kununua. Haitaki kwa ulinzi wa nyumba. Anataka bastola ya kuwindia, ile ya silinda inayozunguka na kubeba risasi tano au sita, na anataka iwe ya kurithisha: iliyoundwa kwa ustadi kiasi kwamba mwanawe ataitumia, na mjukuu wake naye ataikuta nzima. Akaniomba ushauri mimi niliyeko Msambweni, mtu ambaye sijamiliki bunduki ya aina yoyote maishani. Aliniuliza kwa sababu uta wa marehemu baba yake uko kwangu.

Kwetu Kwale swali lake halina pa kukanyaga kisheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza hata kumwua paa mmoja kwa kitoweo cha nyumbani. Cheti cha silaha nacho hupewa mtu mmoja kwa jina lake, na akifariki mrithi hana ruhusa ya kuifungua kabati na kuichukua bastola tu kwa kuwa ni mali ya baba. Texas mambo ni mengine. Msimu ukifika, mwenye leseni anaruhusiwa kumwinda kulungu kwa bastola. Kwa hiyo binamu hajauliza jambo la kihalifu, wala la kitoto. Ameuliza jambo ambalo kila mzazi wa pwani hii amewahi kujiuliza akiwa na jembe, mtumbwi au cherehani mbele yake: nikiondoka, hiki kitamfaa nani?

Nimesoma kiasi kuhusu bastola hizo ili nisimjibu kwa kubahatisha. Kilichozipandisha hadhi kwa wawindaji wa Marekani ni toleo la Smith & Wesson la mwaka 1955 lenye risasi ya .44 Magnum, lililotokana kwa sehemu kubwa na ushawishi wa Elmer Keith, mfugaji na mwandishi wa Idaho aliyekuwa akijaza risasi zake mwenyewe na kuzijaribu kwa miaka mingi. Wanaoipenda bastola ya silinda husema inadumu kwa sababu mtambo wake ni wa wazi na fundi anaweza kuufikia. Mnunuzi makini huangalia kama kila tundu la silinda linasimama sawasawa na mtutu, kama silinda haichezi nyundo ikiwa imevutwa, kama chuma ni cha pua, kama mpini unaujaza mkono bila kuuchosha, na kama risasi zake zitaendelea kupatikana madukani baada ya miaka hamsini. Jambo lililonivutia zaidi ni lile wanalolieleza kama sharti la uungwana. Mwenye bastola hana budi kumkaribia mnyama. Wengi hujiwekea mpaka wa mita 50, na mwenye mazoezi mengi labda 100. Mwenye bunduki ndefu angeshafyatua na kurudi kwenye gari, lakini huyu angali anatambaa kwenye nyasi, upepo ukimpiga usoni, akihesabu pumzi zake.

Hapo nikamwona mjomba.

Mjomba wangu, ndugu wa mama yangu na baba wa binamu, alilima Mkongani, pembezoni mwa msitu wa Shimba. Mahindi, mihogo, minazi michache, na usiku kucha vita na nguruwe mwitu na nyani. Uta wake ulikuwa wa mti wa mkone, umechongwa kwa shoka dogo na kumaliziwa kwa kisu, mnene katikati na mwembamba kwenye ncha zote mbili. Mti wenyewe aliukata porini, nje kabisa ya mipaka ya kaya, kwa kuwa msitu wa kaya ni mtakatifu, haukatwi fimbo wala kuni. Hilo kwake halikuhitaji ubao wa serikali. Alilijua miongo kadhaa kabla ya misitu ya kaya za Wamijikenda, Kinondo ya Diani ikiwemo, kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008.

Alinieleza alivyouchagua. Alizunguka siku nzima akipita miti iliyonyooka kuliko ule, kwa sababu hakuwa akitafuta unyofu peke yake. Alitaka mti usio na fundo pale mkono unaposhika, uliokua mahali pasipo na maji mengi, maana mti uliokua haraka una nyuzi legevu. Akauweka juu ya dari ya jikoni ukauke kwa moshi bila haraka. Upote alikuwa akiubadilisha kila ulipochakaa, na mishale aliitengeneza upya kila mara. Uta haukulala na upote umekazwa hata usiku mmoja. Alisema uta uliolala umevutwa huzoea kupinda, na siku ukiuhitaji unakuwa umekwisha nguvu.

Kisha kuna kipimo kimoja ambacho sijakiona katika maelezo yote niliyosoma ya kuchagua bastola nzuri. Mjomba aliponikabidhi uta ule ujanani hakuniwekea shabaha. Aliniambia nitie mshale, nivute hadi shavuni, nibaki hapo mpaka atakaponiambia, halafu niurudishe upote taratibu bila mshale kutoka. Nikavuta. Kurudisha ndiko kulikonitoa jasho: mkono unatetemeka, bega linaomba kuachia, na akili inashawishika kwamba kuachia ndiko kumaliza kazi. "Kuvuta kila kijana anavuta," akasema. "Uta usioweza kuurudisha si wako, wewe ndiwe wake." Tulirudia zoezi hilo jioni nyingi kabla hajaniruhusu kupiga hata kigogo cha mnazi.

Maana yake ilinifungukia kidogo kidogo. Mwindaji wa kweli anavuta mara nyingi kuliko anavyoachia. Mnyama amegeuka, ni jike mwenye mtoto, nyuma yake kuna njia ya watu, jua limezama na hutaweza kuufuata mchirizi wa damu. Mjomba alikuwa mtu wa swala tano, na kwa mnyama wa kuliwa alitaja jina la Mwenyezi Mungu anapoachia mshale, akakimbia na kisu kiunoni awahi kuchinja. Mafundisho aliyoyashika yako wazi: kilichotobolewa na ncha ya mshale huliwa, kilichopigwa na ubavu wake hakiliwi. Kwa hiyo umbali ulikuwa suala la ibada pia. Ukiwa mbali huna hakika ya ncha, na ukikosa hakika ya ncha, huna haki ya kuachia. Alipenda kutukumbusha kwamba katika Sura ya Al-Maida waumini wanaambiwa watajaribiwa kwa mawindo yaliyo karibu kabisa na mikono na mikuki yao, wakati wakiwa wamekatazwa kuwinda. Mtihani, alisema, hauko kwenye mnyama aliye mbali.

Sumu hakuiweka nyumbani. Aliijua. Kila mzee wa bara ya Kwale na Kilifi wa rika lake alijua jinsi gome na mti wa msunguti vinavyochemshwa kwa saa nyingi mpaka vikawa lami nyeusi, na jinsi ncha iliyopakwa inavyofungwa kwa ngozi isikauke wala isimchubue mwenyewe. Dawa iliyomo, inayoitwa wabaini katika maabara, huusimamisha moyo. Wataalamu wakubwa wa sumu hiyo walikuwa Wagiriama waliotengeneza na Wawaata waliotumia. Wawaata waliwinda ndovu kwa nyuta ngumu mno, zenye kuhitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuzivuta, na walimsogelea ndovu hatua chache tu.

Naingia kidogo Tsavo, kwa sababu huko kuna somo ambalo binamu anapaswa kulisikia. Wakoloni waliwaita Wawaata majangili, na katika operesheni za mwaka 1956 na 1957 zilizoongozwa na David Sheldrick na Bill Woodley, wengi wao walikamatwa na kufungwa. Kilichonishangaza ni kwamba baadhi ya maafisa waliowafunga ndio walioondoka wakiwaheshimu. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, mashariki ya mbuga, ili Wawaata wawinde ndovu kihalali kwa idadi iliyopangwa. Haukudumu hata kufikia mwisho wa muongo ule. Nyuta zikatundikwa. Ukiwa na bahati utakuta mmoja katika jumba la makumbusho, umeandikwa nambari, upote umekatika.

Upande wa pili kuna bunduki ya Walter Bell. Mskoti huyo aliwinda ndovu Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita, na aliua zaidi ya 1,000, wengi kwa bunduki nyepesi ya .275 Rigby ambayo wenzake waliiona ya kuwindia swala. Alijua mifupa ya kichwa cha ndovu vizuri kiasi kwamba hakuhitaji risasi kubwa. Bunduki yake moja ya namna hiyo ilinunuliwa baadaye na mwandishi Mmarekani Robert Ruark, naye akampa Mark Selby, mtoto wa Harry Selby, mwindaji aliyepata sifa Kenya. Wapenda silaha huisimulia safari ile kwa fahari: chuma kizuri, mikono mitatu, na bado kinafanya kazi. Mimi kila nikiisoma nabaki nikiuliza kuhusu kitu kingine. Makundi ya ndovu aliyoyakuta Bell katika nyika ile hakuna aliyeweza kumwachia mtu. Bunduki ilirithishwa, kilichoipa bunduki maana hakikurithishwa.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na sifa ya chuma kisichochakaa. Chuma hudumu chenyewe. Hakimlazimishi mrithi ajue chochote. Mtu anaweza kurithi bastola ya thamani leo asubuhi na jioni akawa ameua nayo, bila kujua ilivyoundwa wala lini nyundo irudishwe polepole kidoleni badala ya kuachiwa. Uta wa mjomba ungeniozea mikononi laiti angenipa mti peke yake. Upote huoza, mishale huliwa na bungo, nao mti wenyewe hupinda ukiwekwa vibaya. Ili niupokee ilinibidi nijue kusokota upote, kuchagua fito, kukausha kwa moshi, kuvuta na kurudisha. Ubovu wake ndio ulionifundisha.

Kuna jambo la kifamilia ambalo lazima niliseme ili shauri langu kwa binamu lieleweke. Sisi Wadigo zamani tulirithi upande wa mama. Mali ya mwanamume ilikwenda kwa mtoto wa dada yake. Dini ilipokita mizizi, mirathi ya Kiislamu ikawapa watoto wa marehemu haki yao, na kwa vizazi kadhaa watu wa Kwale walishindana mbele ya wazee na makadhi, ni njia ipi ifuatwe. Mjomba aliziheshimu zote mbili. Shamba na minazi viligawanywa kwa wanawe na binti zake kama dini inavyoagiza. Uta alinipa mimi kwa mkono wake angali hai, hiba, mbele ya mashahidi. Sokoni haukuwa na bei. Wakati ule marufuku ya 1977 ilikuwa imeshamkuta, na aliitii: nguruwe akaanza kuwafukuza kwa makelele, moto na madebe, na palahala wa Shimba, ambao Kenya nzima wamebaki hapo tu, akawa anawaangalia wakipita pembeni mwa shamba bila kunyanyua mkono. Binamu alipata ardhi. Uta hakuupata, na hakuwahi kulalamika. Lakini nadhani bastola anayoitafuta Texas inatokana na pengo hilo. Anataka mwanawe apokee kutoka kwake kitu ambacho yeye hakukipokea kutoka kwa baba yake.

Nami nina mpwa. Mtoto wa dada yangu, kijana wa hapa Msambweni, mwepesi majini, anaweza kukaa chini ya maji mpaka walio juu wanaingiwa na wasiwasi. Alinijia akitaka nimnunulie bunduki ya samaki. Kwenye fukwe zetu vijana huitengeneza kwa gogo la mti, mpira wa tairi na ufito wa chuma ulionolewa. Haihitaji mashua wala nyavu, na ndiyo maana kijana asiye na mtaji huikimbilia. Ni silaha ya kukaribia, kama bastola na kama uta. Nusura moyo wangu ukubali kwa sababu hiyo peke yake. Lakini Serikali iliipiga marufuku mwaka 2001 pamoja na juya la kukokota, na anayepiga mbizi kwenye mwamba wetu baada ya joto la bahari la mwaka 1998 kuyapausha matumbawe haoni shida kuelewa sababu. Mpigaji huingia kwenye mapango ambamo samaki wadogo hujificha, anakanyaga matumbawe, anapiga pono na changu ambao hawajazaa hata mara moja. Samaki akipenya chini ya jabali na chuma mwilini, hafuatwi. Hakuna kumrudisha.

Nilimkatalia. Alinuna wiki kadhaa, na dada yangu akaniona mkali kupita kiasi. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Badala yake nilimpeleka kwa mzee mmoja fundi wa malema, na nikamlipia mzee muda wake. Lema la pwani yetu husukwa kwa mianzi iliyochanwa na fito, matundu yake ya pembe sita, mdomo wa kuingilia umekunjwa ndani ili samaki apate njia ya kuingia na asipate ya kutoka. Linazamishwa na mawe karibu na mwamba, ndani kuna chambo cha majani ya bahari na fuma waliopondwa, na mvuvi hurudi kulitazama. Likikaa majini msimu mmoja wa kusi linakuwa limechoka. Halirithiki hata ukitaka. Kinachorithika ni vidole vinavyojua mkunjo wa mdomo ule.

Katika miaka ya karibuni wavuvi wa pwani hii, wakishirikiana na watafiti wa Wildlife Conservation Society, walijaribu malema yenye mwanya mwembamba wa kusimama kwenye kona. Samaki mdogo hupenya na kwenda zake, mwembamba wa umbo hupenya, tafi mnene hubaki. Mzee mwanzoni aliudharau mwanya ule. Siku hizi anausuka mwenyewe, na nilipomsikia akimweleza mpwa wangu upana wake kwa kuweka vidole viwili wima, nilitambua kitu nilichokuwa nacho begani tangu ujana. Ule mwanya ni mkono unaorudisha upote. Tofauti ni kwamba lema linamrudisha mdogo baharini hata mvuvi akiwa amelala nyumbani kwake.

Mpwa amesuka malema yake ya kwanza. La kwanza lilikwenda na mkondo kwa kuwa hakulifunga mawe ya kutosha, la pili lilimletea tafi wa kuuza na wa kula. Uta bado sijampa. Ameshauvuta, kuurudisha anaweza, ila anaharakisha mwishoni. Na sitampa ili awinde, maana sheria nitaitii kama mjomba alivyoitii na nina hakika Shimba inahitaji palahala kuliko sisi tunavyohitaji nyama yake. Nitampa kwa sababu mtu mmoja katika kila kizazi chetu anatakiwa ajue kuvuta kitu kinachoua na kukishusha bila kukitumia.

Binamu nimemwandikia hivi. Nunua chuma kizuri, sina ugomvi na hilo. Chagua mtambo mwepesi kueleweka, risasi isiyo kubwa kuliko mkono wa mwanao atakapokuwa mtu mzima, na mpini unaoweza kubadilishwa na fundi yeyote. Ujazo mkubwa wa risasi usikuvutie. Bell hakuuhitaji kwa ndovu, wewe hutauhitaji kwa kulungu. Kabla hujampeleka kijana kiwanjani kwa shabaha, mpeleke porini misimu miwili bila risasi, amfuate kulungu mpaka mita 50, alale kifudifudi, ahesabu pumzi, kisha arudi nyumbani. Mfundishe kuirudisha nyundo taratibu kabla hujamfundisha kuiachia. Mwonyeshe kuisafisha yeye mwenyewe kila mara, hata siku ambayo haikufyatuliwa. Mweleze jina la nani linatajwa na kisu kinakaa wapi. Jiunge na watu wa huko wanaolinda mapori, ulipe ada yako, kwa kuwa bila kulungu utakuwa umemwachia kipande cha chuma chenye kelele.

Na kama mwanao akikua na kuona hataki kuwinda kabisa, iuze kwa mtu mwenye leseni, na fedha zile mpe nauli ya kuja Mombasa. Nitampokea Likoni nimlete Msambweni. Mzee wa malema bado ana nguvu, na mpwa wangu anatafuta mtu wa kumshikia ncha nyingine ya mianzi wakati anaichana.